Jamie Hewlett

Jamie Christopher Hewlett (alizaliwa Horsham, Sussex Magharibi, Uingereza, tarehe 3 Aprili 1968) ni mchoraji wa katuni, msanifu wa michoro na mhuishaji kutoka nchini Uingereza. Anafahamika zaidi kwa kazi mbili: hadithi ya katuni ya Tank Girl, aliyoianzisha pamoja na mwandishi Alan Martin mwaka 1988, na bendi ya Gorillaz, aliyoiunda na mwanamuziki Damon Albarn mwaka 1998.

Gorillaz ni bendi ya wanachama wanne ambao hawapo duniani. Wote wamechorwa. Nyimbo zao hutungwa na kupigwa na watu halisi, lakini anayeonekana kwenye jalada la albamu, kwenye video na hata kwenye mahojiano ya magazeti ni mchoro wa Hewlett. Mpango huu umeleta swali ambalo limemfuata katika sehemu kubwa ya kazi yake: katika bendi ya namna hii, ni nani anayesimama mbele ya watazamaji, mchoro au mpiga ala? Mwaka 2012 swali hilo lilikaribia kuivunja bendi yenyewe.

Maisha ya awali

Hewlett alisoma shule ya sekondari ya Tanbridge House mjini Horsham, kisha akajiunga na Northbrook College huko Worthing, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Tangu utotoni alipenda jarida la vichekesho la Marekani liitwalo Mad, filamu za katuni za Chuck Jones, michoro ya Mwingereza Ronald Searle, na kazi za Mike McMahon katika jarida la katuni 2000 AD. Kutoka kwa Searle hasa mtu anaweza kuona alichojifunza: mstari wa wino unaotetemeka kidogo, viungo vyembamba, na nyuso zenye ubaya unaochekesha.

Chuoni alikutana na Alan Martin na Philip Bond. Watatu hao walitengeneza kijarida chao wenyewe kilichoitwa Atomtan. Vijarida vya namna hiyo vilienea Uingereza pamoja na muziki wa panki kuanzia mwaka 1976. Panki ulikuwa muziki wa gitaa wa haraka na wa kelele, na vijana walioupiga waliamini kwamba mtu hahitaji mafunzo marefu wala ruhusa ya kampuni kubwa ili atoe rekodi. Imani hiyohiyo iliingia katika karatasi. Kijana aliandika kwa taipureta au kwa mkono, akakata picha kutoka magazetini, akazibandika kwa gundi, akapiga fotokopi na kuuza nakala mkononi, mara nyingi kwenye maonyesho ya muziki.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki aangalie maana ya neno. Katika lugha ya vijana wa Tanzania, "andagraundi" ni msanii ambaye bado hajatoka, yaani anasubiri kujulikana. Katika Uingereza ya miaka ile, kuwa msanii wa chini kwa chini mara nyingi lilikuwa jambo la kuchagua: watu walikaa nje ya kampuni kubwa kwa makusudi, wakawa na majarida yao, kampuni zao ndogo za rekodi na kumbi zao. Hewlett alitoka katika mazingira hayo, na alipokuja kufanya kazi na kampuni kubwa alibaki na mazoea yake ya kukata, kubandika na kudhihaki.

Tank Girl na jarida la Deadline

Chanzo cha Tank Girl kinaonyesha vizuri mazoea hayo. Hewlett alikuwa amechora msichana mchafumchafu aliyeshika bunduki kubwa kupita kiasi. Mwenzao mmoja chuoni alikuwa anasanifu vipokea sauti vya kuvaa masikioni kwa kufuata vile vya madereva wa vifaru katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa hiyo chumba chake cha kazi kilijaa fotokopi za magari ya kivita. Martin alichukua fotokopi moja akampa Hewlett, naye akaibandika nyuma ya msichana wake na kuandika jina: Tank Girl, yaani msichana wa kifaru (kifaru cha kivita, si mnyama). Mchoro huo wa ukurasa mmoja uliingia katika kijarida chao, na ungeweza kuishia hapo.

Haukuishia hapo kwa sababu mwaka 1988 wachoraji Brett Ewins na Steve Dillon walianzisha jarida la Deadline, nao walikuwa wameiona kazi ya vijana wa Worthing. Tank Girl ilianza kutoka katika toleo la kwanza. Jarida hilo lilichanganya hadithi za katuni na habari za muziki: ukurasa mmoja una katuni, unaofuata una mahojiano na bendi ambayo redio kubwa hazijaanza kuipiga. Wasomaji walikuwa walewale waliojaza kumbi ndogo za muziki.

Hadithi yenyewe inatokea Australia ya kubuni. Tank Girl anaishi ndani ya kifaru, anatukana, anakunywa, anapigana, na mpenzi wake ni kangaruu aitwaye Booga. Mtu akitafuta mtiririko wa kisa atachoka mapema. Nguvu ya katuni hiyo iko katika ukurasa: pembezoni mwa picha kuna maandishi ya utani, majina ya bendi, beji, viraka vya nguo na mambo mengine madogo ambayo shabiki wa muziki aliyatambua na mwingine aliyapita. Kichwa kilichonyolewa kwa vipande na viatu vizito vya Tank Girl vilikuwa vya wasichana waliokuwa wakionekana mitaani na kumbini wakati ule. Katuni nyingi za vitendo za miaka hiyo zilimchora mwanamke kama pambo la kuokolewa. Huyu hakuhitaji kuokolewa, na wasomaji wengi wanawake walimpokea kama wao.

Katika kipindi hicho Hewlett alichora pia Hewligan's Haircut, iliyoandikwa na Peter Milligan na kutolewa na 2000 AD mwaka 1990, na alibuni majalada ya rekodi za bendi ya Senseless Things.

Hollywood ilinunua haki za Tank Girl, na filamu ilitoka mwaka 1995 ikiongozwa na Rachel Talalay, huku Lori Petty akiwa mhusika mkuu. Iligharimu takriban dola milioni 25 na kuingiza kama dola milioni 4 tu katika majumba ya sinema ya Marekani. Hewlett na Martin hawakuipenda. Deadline lilifungwa mwaka huohuo. Wahusika wao walikuwa wamechukuliwa na watu wenye fedha, wakabadilishwa, na wenyewe wakabaki watazamaji. Ni vigumu kuuelewa mpango wa Gorillaz, ambako mchoraji ni mmoja wa waanzilishi wawili, bila kukumbuka filamu hii.

Baada ya hapo Hewlett alichora Get the Freebies katika jarida la mitindo la The Face mwaka 1996. Hadithi hiyo baadaye ilikuwa msingi wa Phoo Action, filamu ya majaribio iliyorushwa na BBC Three mwaka 2008.

Kukutana na Damon Albarn

Hewlett alimfahamu Albarn mwaka 1990, wakati Deadline lilipoihoji bendi ya Blur. Graham Coxon, mpiga gitaa wa Blur, alikuwa shabiki wa michoro ya Hewlett. Albarn na Hewlett wenyewe hawakupatana mwanzoni. Hata hivyo mwaka 1997, baada ya kila mmoja kuachana na mchumba wake, walianza kuishi pamoja katika nyumba moja eneo la Westbourne Grove, London. Albarn wakati huo alikuwa mmoja wa waimbaji maarufu kabisa wa Uingereza.

Inasimuliwa kwamba wazo la Gorillaz lilikuja mwaka 1998 walipokuwa wakitazama MTV. Waliona bendi nyingi zilizotengenezwa na mameneja: vijana wanne au watano wanachaguliwa kwa sura, wanapewa nyimbo, nguo na maneno ya kusema kwenye mahojiano. Basi, wakawaza, kama bendi zote ni za kutengenezwa, kwa nini wasitengeneze moja waziwazi, tena kwa wino? Ni dhihaka, lakini yenye faida mbili za kweli. Albarn angeweza kupiga hip hop, dabu, rege au chochote bila kuulizwa kwa nini haimbi kama Blur. Hewlett naye angepata jukwaa ambalo mchoraji wa katuni hapati kwa kawaida.

Wahusika wanne

Bendi ya Hewlett ina mwimbaji 2-D, mpiga gitaa la besi Murdoc Niccals, mpiga gitaa Noodle na mpiga ngoma Russel Hobbs. 2-D ana nywele za buluu, macho meusi yasiyo na mboni na pengo la meno ya mbele. Murdoc ni mwembamba, ngozi yake ina rangi ya kijani na tabia yake ni mbovu. Russel ni mtu wa miraba minne kutoka Brooklyn, New York, mwenye macho meupe matupu, na ndani yake hukaa mizimu ya marafiki waliokufa. Noodle ni mtoto wa Kijapani aliyefika akiwa ndani ya kasha la mizigo.

Walimu wa usanifu huwapa wanafunzi kipimo kimoja cha mhusika mzuri: paka umbo lote rangi nyeusi, kisha uliza kama bado anatambulika. Wahusika wa Gorillaz wanne wote wanapita kipimo hicho kwa urahisi. Kuna jambo la pili lisilo la kawaida katika katuni: wanazeeka. Noodle alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi bendi ilipoanza. Katika albamu zilizofuata akawa msichana, kisha mwanamke mzima. Hewlett hubadilisha mavazi, mikunjo ya uso na hata namna ya kuchora mstari kila albamu inapotoka, hivyo shabiki wa mwaka 2001 amezeeka pamoja nao.

Maisha yao yaliwekwa pia katika tovuti iliyoigiza jengo lao, Kong Studios, ambamo mgeni aliweza kuingia chumba kimoja baada ya kingine na kupekua vitu vyao. Mwaka 2006 kilitoka kitabu Rise of the Ogre, ambacho ni tawasifu ya watu wasiokuwapo, kikiwa na michoro ya Hewlett.

Video na namna zinavyotengenezwa

Rekodi ya kwanza, Tomorrow Comes Today, ilitoka mwishoni mwa mwaka 2000, na albamu iliyobeba jina la bendi ilitoka Machi 2001. Video ya Clint Eastwood ndiyo iliyowatambulisha kwa wengi. Inaanza na wahusika wakiwa mbele ya weupe mtupu, kisha makaburi yanapasuka na masokwe wafu wanatoka, na mzimu mkubwa wa buluu unatoka kichwani mwa Russel na kuanza kufoka. Sauti ni ya Del the Funky Homosapien wa California.

Hewlett hachori kila picha ya video kwa mkono wake, na hapa wasomaji wengi huchanganya. Uhuishaji ni kuzifanya picha zilizotulia zionekane zinatembea kwa kuzipitisha haraka mbele ya jicho. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Hata mhuishaji akitumia hila ya kawaida ya kuonyesha kila mchoro mara mbili, bado anahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 2,160 kwa mhusika mmoja anayetembea mfululizo katika wimbo wa dakika tatu. Kwa wahusika wanne, zidisha mwenyewe. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja. Hewlett alibuni wahusika, mandhari na rangi, akachora mfuatano wa matukio na kuongoza. Kikosi cha wahuishaji wa kampuni ya Passion Pictures ya London kilichora mwendo. Video za mwanzo aliziongoza pamoja na Pete Candeland wa kampuni hiyo.

Kwa maoni ya wengi video bora ya kipindi hicho ni Feel Good Inc., kutoka albamu ya pili, Demon Days, ya mwaka 2005. 2-D amefungiwa juu ya mnara mchafu uliojaa watu waliolala hovyo, na wanamuziki wa De La Soul wanacheka kwenye skrini kubwa. Nje ya dirisha kinapita kisiwa kinachoelea angani, kikiwa na kinu cha upepo, na Noodle ameketi ukingoni na gitaa lake. Deni la Hewlett kwa Hayao Miyazaki wa Japani liko wazi, wala hajalificha. Katika video ya El Mañana kisiwa hichohicho kinapigwa risasi na helikopta mbili hadi kinaanguka. Feel Good Inc. ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2006, na ilitumika pia katika matangazo ya iPod. Dhihaka dhidi ya biashara ya muziki ilikuwa imegeuka bidhaa inayouzika sana. Kitabu cha Guinness kiliitambua Gorillaz kuwa bendi ya kubuni iliyofanikiwa kuliko zote.

Mwaka 2006 Design Museum ya London ilimpa Hewlett tuzo ya Msanifu wa Mwaka, yenye zawadi ya pauni 25,000. Ilikuwa tuzo ya usanifu kwa mtu aliyeanza kwa fotokopi.

Jukwaani: mchoro au mwanamuziki?

Katika video tatizo halionekani, kwani mchoro umejaa skrini na muziki umejaa masikio. Jukwaani hali ni tofauti. Watu wamelipa kuona bendi. Bendi iko wapi?

Jibu la kwanza, mwaka 2001, lilikuwa kali. Katika onyesho la kwanza kwenye ukumbi wa Scala, London, mwezi Machi, Albarn na wenzake walipiga wakiwa nyuma ya skrini kubwa, na watazamaji waliona michoro ya Hewlett pamoja na vivuli vya wapiga ala. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba walikuwa wametazama sinema yenye sauti kubwa. Lakini hakuna mpango mwingine wa Gorillaz ulioheshimu wazo la mwanzo kwa ukamilifu kama huo. Mwaka huohuo albamu ilipoorodheshwa kuwania Tuzo ya Mercury waliomba iondolewe, na ombi likatolewa kwa jina la Murdoc.

Jibu la pili lilikuwa la kati. Novemba 2005 Demon Days ilipigwa yote katika jumba la Opera la Manchester, na Aprili 2006 katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Wanamuziki walikuwa wanaonekana kama vivuli mbele ya taa za rangi, wageni waalikwa walimulikwa, na michoro ilikaa juu yao.

Jibu la tatu lilikuwa la ajabu zaidi. Katika tuzo za MTV za Ulaya mjini Lisbon, Novemba 2005, na tena kwenye Grammy, Februari 2006, wahusika wanne walisimama jukwaani wakiwa na kimo na kina kama watu. Kwenye Grammy Madonna alionekana akipita kati yao. Watu waliziita hologramu, ingawa msingi wake ni mbinu ya majumba ya maigizo iliyokuwa maarufu London tangu mwaka 1862 na inayohusishwa na jina la John Henry Pepper. Karatasi angavu ya plastiki hutandazwa jukwaani ikiwa imeinama kwa nyuzi 45. Projekta iliyofichwa hurusha picha, picha inaakisiwa na karatasi hiyo, na mtazamaji asiyeiona karatasi hudhani kitu kimesimama nyuma yake.

Palizungumzwa ziara nzima ya dunia kwa mbinu hiyo, lakini haikufanyika. Gharama ilikuwa kubwa, na kulikuwa na kikwazo kingine ambacho Albarn alikieleza baadaye: besi ikipigwa kwa nguvu, karatasi hutetemeka na wahusika nao hutikisika. Ilibidi sauti ipunguzwe ili picha isimame. Kwa bendi iliyojengwa juu ya hip hop na dabu, muziki ambao besi ndiyo nguzo yake, hili halikuwa jambo dogo. Mchoro ulikuwa umeshinda, na muziki ukaambiwa unyamaze kidogo.

Monkey: Journey to the West

Badala ya ziara hiyo Hewlett na Albarn waligeukia opera. Monkey: Journey to the West ilionyeshwa mara ya kwanza Juni 2007 katika Tamasha la Kimataifa la Manchester, ikiongozwa na Chen Shi-Zheng. Kisa chake ni riwaya ya Kichina ya karne ya 16 juu ya nyani mwenye uwezo wa kimungu anayemsindikiza mtawa kwenda India kutafuta maandiko ya Kibuddha. Hewlett alisanifu mandhari, mavazi na sehemu za katuni, na wasanii wa sarakasi kutoka China wakaigiza. Hapa mtu na mchoro hawakugombea nafasi: mwigizaji aliingia mwilini mwa mhusika kwa kuvaa vazi lake. Opera hiyo ilikwenda Paris na baadaye Royal Opera House ya London. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 BBC ilitumia filamu fupi ya wahusika haohao kufungulia matangazo yake.

Plastic Beach na mfarakano

Albamu ya tatu, Plastic Beach, ilitoka Machi 2010. Kisa chake kinatokea kwenye kisiwa kilichojengwa kwa takataka za plastiki katikati ya bahari. Mwaka uliotangulia Hewlett alikuwa amekwenda Bangladesh na shirika la Oxfam kuchora maisha ya watu wanaoathiriwa na mabadiliko ya hali ya hewa, kwa hiyo bahari chafu haikuwa mchezo wa kubuni tu kwake. Katika video ya Stylo wahusika wanakimbia kwa gari jangwani wakifukuzwa na mwigizaji Bruce Willis, wakiwa wametengenezwa kwa kompyuta na kuonekana kama watu wenye nyama.

Ziara ya mwaka huo ilikuwa kubwa. Wanamuziki sasa walisimama mbele kabisa, wakiwa wamevaa kama mabaharia, na miongoni mwao walikuwa Mick Jones na Paul Simonon, waliokuwa wa The Clash, bendi ya kizazi cha kwanza cha panki. Bobby Womack aliimba. Juni 2010 walikuwa bendi kuu ya usiku wa kwanza katika tamasha la Glastonbury, wakichukua nafasi ya U2, na Julai walipiga katika ngome ya Damascus, Syria. Michoro ya Hewlett ilikuwapo, ila nyuma, kwenye skrini, kama mapambo. Kadiri ziara ilivyoendelea macho ya watu yalibaki kwa Albarn na wageni wake.

Wakati huohuo fedha za kuhuisha video ya Rhinestone Eyes hazikupatikana. Kilichotolewa Oktoba 2010 ni michoro ya mfuatano wa matukio iliyounganishwa na wimbo: penseli na wino, bila mwendo kamili. Mashabiki wengi wanaipenda kwa sababu wanaona mkono wa mchoraji ukiwa bado mbichi. Kwa mtu aliyeipanga iwe filamu, hata hivyo, ni nyumba iliyoishia kwenye msingi.

Baada ya wimbo DoYaThing, uliotoka Februari 2012 kwa ushirikiano na kampuni ya viatu ya Converse, Albarn alieleza gazetini kwamba yeye na Hewlett wamefarakana na kwamba huenda Gorillaz isirudi. Sababu ilikuwa hiyohiyo ya jukwaa: Hewlett aliona michoro yake inasukumwa pembeni wakati wanamuziki wengi wanaongezeka, na Albarn alitaka muziki usifungwe na skrini. Kila mmoja alikuwa na hoja. Bendi yenye wapiga ala mashuhuri inaweza kujaza uwanja bila katuni yoyote. Lakini ikifanya hivyo haina sababu ya kuitwa Gorillaz.

Kipindi cha Paris na kurudi

Katika miaka hiyo Hewlett alihamia Ufaransa. Mwaka 2011 alimwoa mwigizaji Mfaransa Emma de Caunes. Novemba 2015 alifanya maonyesho yake, The Suggestionists, katika Saatchi Gallery, London. Yalikuwa na sehemu tatu zisizofanana: kadi za tarot, michoro ya miti ya misonobari, na mabango ya filamu ya kubuni yanayomwonyesha mkewe katika mtindo wa sinema za Russ Meyer. Miti ile ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda zaidi. Ni mistari tu, haina mzaha wala mhusika, na inaonyesha mkono uliokomaa ambao katuni huuficha. Mwaka 2017 kampuni ya Taschen ilitoa kitabu kikubwa cha kazi zake.

Yeye na Albarn walikuwa wamepatana tena, na Gorillaz ilirudi Aprili 2017 kwa albamu ya Humanz. Video ya Saturnz Barz ilitengenezwa kwa picha zinazomzunguka mtazamaji kwa nyuzi 360, hivyo kila mtu anageuza simu yake na kuchagua pa kutazama. Mwaka 2018 bendi ilipata tuzo ya BRIT ya kundi bora la Uingereza.

Kwa Song Machine ya mwaka 2020 utaratibu ulibadilika: nyimbo zilitoka moja moja, kila moja na video na mgeni wake. Désolé, yenye sauti ya Fatoumata Diawara wa Mali, ilipigwa picha kwenye Ziwa Como, Italia, wahusika wa Hewlett wakiwa pamoja na wanamuziki halisi katika mandhari moja. How Far?, iliyomshirikisha Skepta na mpiga ngoma Mnigeria Tony Allen, ilitolewa tarehe 2 Mei 2020, siku mbili baada ya Allen kufariki. Katika video nyingi za mfululizo huo mchoro na mtu wanakaa bega kwa bega, na hakuna anayejificha nyuma ya skrini.

Albamu ya Cracker Island ya mwaka 2023 ilifika nafasi ya kwanza Uingereza. Filamu ndefu ya Gorillaz iliyokuwa ikiandaliwa na Netflix ilifutwa mwaka huohuo, kwa hiyo Hewlett hajapata bado filamu ya kufuta kumbukumbu ya ile ya 1995. Agosti 2025, katika kuadhimisha miaka 25 ya bendi, yalifunguliwa maonyesho ya House of Kong katika ukumbi wa Copper Box Arena, London, ambamo wageni walipita kwa miguu ndani ya vyumba vya jengo ambalo hapo awali lilikuwapo kwenye karatasi na kwenye tovuti tu. Mwezi uliofuata ilitangazwa albamu ya The Mountain, iliyotokana na safari za Hewlett na Albarn nchini India.